Msomaji Wangu wa Gakoromone

Baba yangu mdogo alikuwa na duka la agroveti pale Gakoromone, upande wa juu wa soko, na katikati ya kupima mbegu za mahindi na kueleza watu dawa ya kupe, alikuwa akisoma nadharia za uhusiano wa kimataifa. Balaa hiyo nilimtia mimi, maana ni mimi niliyekuwa nikiziandika.

Nafundisha siasa za dunia katika chuo kimoja mjini Meru, na kwa miaka kadhaa sasa nina blogu. Kazi yake ni rahisi kuieleza. Nachukua makala za wasomi, zile ndefu zilizofungiwa kwenye majarida ya kulipia na kuandikwa kana kwamba msomaji ni adui, nazisoma kwa niaba ya watu wenye shughuli nyingine, kisha nasema kwa Kiswahili cha kueleweka zinadai nini na zimeyumba wapi. Mkuu wa idara yangu aliniambia mapema, kwa upole wa mtu anayekuonya usilime kwenye mkondo wa maji, kwamba blogu si utafiti na haitanipandisha cheo. Haijanipandisha. Wanafunzi wangu nao huifungua wiki ya mtihani tu, wakanakili neno kwa neno, halafu wananiletea mawazo yangu mwenyewe niyasahihishe.

Lakini baba mdogo alisoma kila kitu. Wakati huo nilikuwa nimepanga chumba Majengo, juu ya bucha, karibu na msikiti, kwa sababu mtandao ulishika vizuri pale kuliko kwenye nyumba za chuo. Niliandika baada ya adhana ya alasiri, harufu ya nyama ikipanda ngazi bila hodi. Nikishachapisha naweka chai, na chai haikuwahi kupoa kabla simu haijalia.

"Nimesoma," angeanza, bila salamu, na hapo nilijua nimeshaingia kizimbani.

Alitaka kujua ni nani huipima hiyo nguvu ya mataifa, na kwa debe la nani. Alitaka kujua kwa nini nasema dunia haina mkubwa wa kuamua kesi, ilhali kila mtu anamjua mkubwa ni nani. Makala zilizompendeza alizichapisha kwenye saiba, duka la intaneti la jirani, akazibandika dukani, kati ya kalenda ya chanjo za ng'ombe na bei ya mbolea, na watu waliokuja kutafuta dawa ya viwavi walijikuta wakisomewa habari za mizani ya nguvu. Msafirishaji mmoja wa miraa kutoka Majengo alizoea kupita pale kubishana naye kuhusu mipaka. Huyo hakuhitaji makala. Mpaka ukifungwa, mzigo ulimwozea garini.

Kwenye blogu yenyewe aliacha maoni, akitia sahihi "Msomaji, Gakoromone." Kuna maprofesa wa ng'ambo waliowahi kumjibu kwa heshima zote, bila kujua wanajibizana na mtu anayenuka dawa ya kuogeshea mifugo. Nilikuwa nikicheka peke yangu chumbani, ila yeye sikumcheka hata siku moja.

Nilimpenda kwa ajili hiyo, na heri niliseme waziwazi. Baba yetu ndiye aliyekuwa msomaji wa magazeti katika ukoo, na ndugu yake huyu mdogo alikuwa wa kusomewa. Baba alipofariki, nikiwa chuoni na dada yangu mdogo bado yuko sekondari, baba mdogo alichukua karo, akachukua magomvi ya shamba, na taratibu akachukua pia magazeti. Kila aliponipigia kunigombeza juu ya makala, niliona kile kiti hakijabaki kitupu.

Makala iliyoleta matata ilihusu ishara. Wasomi wa fani yetu wamehangaika sana na swali moja: nchi itajuaje kama jirani yake anamaanisha anachosema? Maneno ni bure, kila rais huapa. Kwa hiyo, wanasema, acha kusikiliza na utazame kinachomgharimu mtu, kwa sababu ishara isiyo na gharama ni upepo. Tena wanaongeza kwamba ukitoa sharti hadharani umejifunga mwenyewe, na nguvu yako iko palepale kwenye kujifunga, kwa kuwa ukirudi nyuma mbele ya watu, kesho hakuna atakayekuamini. Niliiandika vizuri, acha nijisifu. Wapo wasomi wanaopinga hayo yote, wanaosema kwamba watu hawakumbuki sana ni nani alirudi nyuma jana, na kwamba kila mmoja huisoma ishara ya mwenzake kwa miwani yake mwenyewe. Hao niliwaahidi makala yao, kisha marundo ya mitihani yakanifunika.

Baba mdogo aliipenda makala hiyo kuliko zote. Aliibandika mahali pa bei ya mbolea, bei ya mbolea ikahamia ukutani nyuma ya mlango.

Sasa dada yangu. Yeye ni mwalimu wa shule ya msingi huko Runyenjes, upande wa Embu, na huko ndiko alikompata mwanamume wake, mkulima wa kahawa na chai kidogo, mtu mpole, ambaye alizoea kusimamisha pikipiki mbele ya shule akiwa na gunia la kahawa nyuma na parachichi la mwalimu mfukoni. Dada yangu alikuwa amefikia umri ambao watu huacha hata kuuliza. Shangazi zetu walikuwa wamemweka kwenye fungu moja na mimi, fungu la walioolewa na vitabu, na tofauti yetu ni kwamba mimi sikuwa naumia. Yeye alikuwa akiumia kimyakimya. Kanisa lao lilikuwa tayari kutangaza ndoa, mradi familia zikubaliane. Kabla wageni hawajaja kwetu, aliniambia neno moja tu, akiwa anachambua mchele.

"Huyu wakimkataa, sitaleta mwingine."

Namjua. Akisema, amesema.

Nyumbani kwetu ni juu kwenye vilima vya Nyambene, kwenye barabara ya Maua, penye miraa. Kwetu, anayekuja kuomba binti huja na ncoolo. Hilo ni fungu la miraa iliyochumwa kwenye miti mizee, ikapangwa, ikafungwa ndani ya jani la mgomba. Watu hawalileti ili litafunwe kupitisha saa. Ni namna ya kumwambia baba wa binti kwamba tunajua upo, na baba akilipokea, mazungumzo yamefunguka. Sukari, blanketi na mbuzi vinaweza kuchelewa kidogo, lakini fungu lile halichelewi.

Watu wa Runyenjes walifika na gari dogo la kukodi, wamevaa suti. Walikuwa watu wa kanisa hasa, wale wasiogusa pombe wala sigara, na waliongozwa na baba mkubwa wa bwana harusi, mzee wa kanisa mwenye nywele nyeupe na viatu vilivyong'arishwa mpaka vinatia huruma kwenye matope yetu. Sisi wanawake tulikuwa jikoni, ambako wanawake husikia kila kitu na hawaulizwi lolote. Niliposikia wameleta asali na blanketi nilipumua. Kisha yule mzee wa kanisa akasimama, akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa mfuko wa khaki, akaukabidhi kwa mikono miwili. Wazee wetu wa ukoo wakaufungua.

Ulikuwa muguka.

Kwa asiyejua: muguka ni ndugu wa miraa, majani laini yanayolimwa Mbeere, kule chini ya Embu, na huuzwa yakiwa yamemwagwa kwenye mfuko. Kwa mtu wa Embu, ni zao la kwao. Kwa wazee wa Nyambene, kwa kiburi ambacho sitajaribu kukitetea, muguka ni kitu cha vijana wa stendi wasioweza bei ya miraa. Kuuleta mbele ya wazee, siku ya kuomba binti, nyumbani kwenye miti iliyopandwa na mababu, ni tusi ambalo sijui kama Kiswahili kina neno lake.

Baba mdogo alisimama. Kupitia dirisha la jikoni nilimwona ameshika ukosi wa koti lake, lile la mazishi na harusi.

"Wageni, hatujawakataa," alisema. "Lakini hii boma iko na mwenyewe, hata kama amelala. Ishara ya bure ni upepo. Hiyo gate haitafunguka tena mpaka ncoolo ifike."

Nilikuwa nimeshika birika la chai. Nililitambua lile neno la upepo jinsi mtu anavyomtambua ng'ombe wake kwenye boma la jirani. Wazee wetu walitikisa vichwa kwa kuridhika. Hawakuwa wamewahi kumsikia akisema vizuri namna ile. Wageni waliomba sala fupi. Yule mzee wa kanisa akauchukua mfuko wake wa khaki, akaurudisha kotini taratibu, wakaondoka, na mukimo wa viazi na mahindi tuliouponda tangu asubuhi ukabaki kwenye sahani bila kuguswa.

Jioni hiyo dada yangu aliosha vyombo bila kulia, jambo lililonitisha kuliko machozi. Kisha akanieleza aliyoelezwa na mwanamume wake kwenye simu. Mtu fulani alikuwa amewaambia kwamba kwa Wameru huendi bila kitu cha kutafuna. Hakuwaambia kipi. Yule mzee wa kanisa, ambaye katika maisha yake alikuwa amehubiri dhidi ya jani hilo mara nyingi kuliko watu wengi walivyolitafuna, alikataa kumtuma kijana, kwa sababu jambo la heshima mtu hulifanya mwenyewe. Alishuka mpaka soko moja la Mbeere ambako hakuna mshirika wa kanisa lake angemwona. Alikuwa amevaa kofia ya mwanawe, ameivuta mpaka machoni. Alichagua majani mazuri kuliko yote, na njiani kurudi alimwomba Mungu msamaha kwa sauti, dereva akisikia.

"Alifikiri ametupea heshima yake yote," dada yangu alisema. "Na sisi tukamfungia gate."

Nilikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Nilikuwa nimeandika kwamba ishara ya kweli ni ile yenye gharama, na hii ilikuwa na gharama kuliko mbuzi wote wa Runyenjes. Kilichokosekana ni mtu wa upande wetu wa kuisoma.

Nilimpigia baba mdogo. Nilimweleza habari ya kofia na soko, na alisikiliza mpaka mwisho, maana ni mtu wa haki. Kisha akanijibu kwa makala yangu mwenyewe, fungu kwa fungu. Nilijaribu kusema kwamba nchi si familia, akanikumbusha kwamba niliandika kinyume chake mwaka uliotangulia. Mwishowe alishusha sauti.

"Mwari, binti yangu, nimesema mbele ya wazee. Nikirudi nyuma sasa, hata hao wa Embu wataona nini? Watasema huyu msichana hana baba."

Nilikuwa nimedhani tunabishana juu ya majani, kumbe muda wote alikuwa amesimama mlangoni akimlindia ndugu yake heshima, na silaha aliyokuwa nayo nilimpa mimi.

Kumwendea mbele ya wazee haikuwezekana. Mtoto wa kike hasimami pale kumsahihisha baba yake mdogo, awe na shahada ngapi, na hata kama ningesimama ningekuwa nimemvua nguo. Shangazi zetu walishauri tuombe. Dada yangu alirudi Runyenjes kufundisha, na kila nilipompigia aliniambia wanafunzi wake hawajambo.

Kulikuwa na mahali pamoja tu ambapo mimi na baba mdogo tulikuwa tumezoea kubishana bila mtu kumvunjia mwenzake heshima. Kwa hiyo nilirudi Majengo, nikaweka bando la intaneti, nikawafungulia mlango wale wasomi wengine niliokuwa nimewaahidi makala.

Sijawahi kuandika kwa woga namna ile. Niliogopa kuipinda elimu ili inyooshe mambo ya kwetu, na kazi ya blogu ya msomi ina heshima moja tu, kwamba hudanganyi kuhusu walichosema wenzako. Kila dai nililirudia. Nilimwandikia profesa mmoja wa mbali kumuuliza kama nimemwelewa, akanijibu kwamba nimemwelewa kuliko wanafunzi wake. Makala nzima haikuwa na neno moja la ndoa. Nilieleza nchi mbili za kubuni, moja kavu na moja yenye mito. Nchi kavu inatuma mtungi wa maji kuwa zawadi, na nchi ya mito inaona imedharauliwa. Nikauliza gharama ya mtungi ule ipimwe kwa kiu ya nani, aliyetoa au aliyepokea. Nikaeleza jinsi watawala wanavyosoma dharau mahali ambapo jirani aliweka heshima, kwa sababu kila mmoja anajua bei za soko lake tu. Mwishoni nikaandika habari ya masharti yanayotolewa hadharani: kwamba wapo wasomi waliochunguza wakaona sifa ya mtawala haivunjiki upesi kama mwenyewe anavyodhani, na kwamba aliyerudi nyuma mara nyingi hupoteza kidogo kuliko alichokuwa akikiogopa.

Nikachapisha. Nikaweka chai.

Chai ikapoa. Niliipasha moto ikapoa tena, na muuza nyama akafunga duka lake chini. Simu haikulia.

Kesho yake nilijipitisha Gakoromone nikijifanya natafuta vitunguu. Baba mdogo alikuwa kaunta, akimweleza mama mmoja kwamba ng'ombe hawezi kutoa maziwa asiyokula. Alinipa kiti. Tuliongea kuhusu mvua, kuhusu bei ya maharagwe, kuhusu jirani aliyeanguka kutoka kwenye mti wa parachichi. Ukutani, mahali pa makala ile ya ishara, palikuwa na alama nne za gundi na hakuna kitu kingine. Nilitazama alama zile, yeye akanitazama nikizitazama, kisha akaniuliza kama nimenunua vitunguu au nataka vyake. Nilirudi nyumbani nikiwa sijui kama amekasirika au amesikia.

Siku chache baadaye ujumbe uliingia kwenye kundi la familia kwenye simu, kutoka kwake: wageni wa Runyenjes watakuja Jumamosi, wanawake watayarishe chakula. Basi. Shangazi mmoja aliuliza kama wana ncoolo. Hakumjibu. Dada yangu alinipigia akiniuliza hiyo ni habari njema au mbaya, na mimi, mtaalamu wa kusoma ishara za mataifa, nikamwambia sijui.

Jumamosi hiyo nilitumwa asubuhi kukata majani ya mgomba ya kufunikia chakula. Njia inapita penye miti mizee ya miraa, ile iliyopinda, yenye magome meupe ya kuvu, ambayo watoto wa kwetu hukatazwa kuipanda. Mmoja wao ulikuwa wa baba. Tangu afe hakuna aliyeuchuma. Hatukukubaliana hivyo, mikono yetu tu ilikuwa ikiuruka. Asubuhi hiyo ulikuwa umechumwa. Palipokatwa palikuwa bado pabichi, na chini ya shina kulikuwa na nyuzi za mgomba zilizobaki baada ya mtu kufunga kitu. Nilisimama pale na panga langu. Wazo la kwanza lilikuwa mwizi, na nilikasirika. Kisha nikaona mgomba ulio jirani nao umekatwa jani moja tu, lile la katikati, laini, lisilo na mpasuko. Mwizi hachagui jani.

Nyuma ya jikoni letu unaweza kuiona barabara ya murram ikipanda, mpaka pale kona ya mwisho kabla ya geti. Wazee wa ukoo walikuwa wameshakaa sebuleni wanakunywa uji wa ucuru. Nilikuwa nimetoka kumwaga maji niliposikia gari, na nikamwona baba mdogo. Alikuwa amesimama peke yake kwenye kona, katika koti lake la mazishi na harusi, mikono imeshika kitu cha kijani kifuani. Gari lilisimama. Yule mzee wa kanisa akashuka na viatu vyake. Sikusikia walichosema. Niliona tu vichwa viwili vimeinama juu ya kile kitu, kisha kikahamia mikononi mwa mgeni, kisha wote wawili wakasimama kidogo bila kufanya lolote. Baba mdogo akakata kona kupitia migombani, kwa njia ya mkato tuliyoitumia utotoni, akatokea nyuma ya choo akihema, akafuta matope kwenye suruali, akaingia sebuleni kwa mlango wa mbele. Alipoketi, mtu angedhani ameota mizizi kwenye kiti kile tangu alfajiri.

Geti likafunguliwa. Mzee wa kanisa akaingia ameshika ncoolo kwa mikono miwili, jani la mgomba linang'aa, na wazee wetu wakanyooka vitini.

Ningependa yaishie hapo, lakini tuna mzee mmoja kwenye ukoo wetu, mkongwe kuliko wote, ambaye macho yamekufa na pua iko hai. Alipokea fungu lile, akalinusa, akalipapasa ncha za vijiti kwa kidole gumba, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa: hii ni ya mti mzee, na Runyenjes hakuna miti kama hii, sasa ninyi mmeitoa wapi?

Nilishika kizingiti cha dirisha. Dada yangu alikuwa nyuma yangu, amenishika kiuno. Mtu mwingine angesema tulinunua Maua, na siku ingepita. Lakini huyu alikuwa mzee wa kanisa, na nadhani kujificha chini ya kofia kule Mbeere kulikuwa kumemtosha.

"Wazee, mimi siwezi danganya," alisema. "Tumepewa na huyu, hapo kwa kona. Sisi hatukujua ni gani."

Wote wakamgeukia baba mdogo. Aliyekuwa amefunga geti kwa kinywa chake, mbele ya wazee haohao, kwenye sebule hiyohiyo. Nilitaka kupita dirishani nimkinge.

Alisimama polepole, akashika ukosi.

"Huo mti ni wa ndugu yangu," alisema. "Angekuwa hai, hangeacha watu wasimame barabarani juu ya majani. Nimewapea yake, ndio waniletee kwa niaba yake. Kama nimekosa, nimekosea yeye, na yeye tutaongea."

Yule mkongwe alilishika fungu kwa muda, akilipapasa tena, safari hii bila kutafuta kitu. Alikuwa amemtahiri baba, kama si kwa mikono yake basi kwa baraka zake, na alimzika pia. Kisha akafungua uzi wa mgomba, akatoa kijiti cha kwanza, akampa mzee wa kanisa. Mzee wa kanisa akakitazama, akakiweka kwenye mfuko wa shati lake, karibu na kalamu, akapiga mfuko ule mara moja kwa kiganja. Sebule ikacheka. Mazungumzo yakafunguka, yakawa marefu na ya kelele, na mukimo ukaisha mpaka tukakwangua sufuria. Dada yangu alilia hapo ndipo, juu ya masahani machafu, na shangazi zetu wakamwambia asitie machozi kwenye maji ya kuoshea.

Ndoa ilitangazwa kanisani kwao, na hakuna aliyesimama kupinga.

Jumapili jioni nilirudi Majengo. Nilipanda ngazi, nikafungua kompyuta ili niangalie kama kuna aliyesoma ile makala ya nchi kavu na nchi ya mito. Kulikuwa na salamu ya yule profesa wa mbali. Chini yake kulikuwa na maoni mapya, na sahihi niliyoizoea.

"Nimesoma," yalianza. "Nimesoma tangu siku ile ya kwanza. Makala ni nzuri, lakini mwisho iko na makosa. Pale umeandika aliyerudi nyuma, toa. Huyo mtu hakurudi nyuma. Alienda mbele mpaka barabarani, akapokea wageni. Msomaji, Gakoromone."

Wasomi wengi wamenipinga kwenye blogu ile, wengine kwa hoja nzito, na sikumbuki kuwahi kubadilisha makala baada ya kuichapisha. Niliifungua, nikashuka mpaka mwisho, nikalitafuta lile neno, nikalitoa. Nikaweka lake, kisha nikampigia simu kumwambia.